Gari Langu, Gari Yangu

Nakuru nilikokulia, mtu wa kusema "gari langu" alikuwa mwalimu wa Kiswahili peke yake, na hata yeye alisema hivyo akiwa mbele ya ubao tu. Akifika stendi jioni alikuwa kama sisi sote: gari imejaa, gari imechelewa, gari ya Njoro ni ipi. Neno hilo lilitoka Bara Hindi, likaingia kwetu bila kiambishi cha kulitambulisha, na tangu lilipoingia limekuwa na makao mawili. Sarufi imeliweka katika LI-YA, kwa kuwa wingi wake ni magari. Vinywa vya watu, hasa kwetu bara, vimelipeleka I-ZI likakae na baisikeli na pikipiki. Nimekuwa nikisahihisha jambo hilo kwa miaka 17 sasa, tangu nianze kufundisha Kiswahili katika mji mmoja wa chuo jimboni Kansas, Marekani. Binti yangu, ambaye Kiswahili chake amekipata kwangu na kwa simu za nyanya yake, nimemsahihisha kuliko wanafunzi wangu wote. Yeye hujibu, "Sawa, Baba. Gari langu," kisha sentensi inayofuata anarudi kwa nyanya yake.

Nayataja haya kwa sababu tuliunda gari, mimi naye, na lilipokwisha tukatakiwa kusema ni la kundi gani. Kuliunda kulitumalizia majira matatu ya baridi. Kulipatia kundi kulituchukua mwaka wa nne karibu wote, na sina hakika kwamba tumemaliza.

Chimbuko la gari lenyewe ni Mwingereza Colin Chapman, ambaye mwaka 1957 alitoa gari dogo lililoitwa Lotus Seven: viti viwili, bila paa, bila milango ya maana, uzito wake kama nusu tani. Wengi walilinunua likiwa vipande, wakaliunga wenyewe nyumbani, kwa sababu gari zima lilitozwa kodi ya mauzo ambayo mzigo wa vipuri haukutozwa. Mwaka 1996 Mwingereza mwingine, Ron Champion, akatoa kitabu kilichomwelekeza mtu wa kawaida namna ya kuunda gari la sura hiyo kwa pauni 250, akitumia mashine ya Ford Escort kuukuu na paipu za chuma za mraba. Sisi hatukukaribia bei hiyo, na Escort ya aina ile Kansas haipatikani. Tulitafuta Mazda MX-5 ya mwaka 1991 iliyogongwa ubavuni hadi mlango ukaingia ndani, tukatoa injini yake ya lita 1.6, giaboksi, difu, usukani na breki, bodi tukaiuza kwa kilo. Fremu tuliijenga upya kutoka sifuri. Binti yangu ndiye aliyechomelea, maana mkono wake umetulia kuliko wangu. Mimi nilikata, nikapima, nikapiga tupa, kazi niliyoiona kwa marehemu baba, aliyekuwa fundi wa matrekta huko Njoro na ambaye hakuruhusu mtu kupiga tupa kwenda na kurudi kama msumeno. Tupa husukumwa mbele, huinuliwa, hurudishwa. Nilijisikia nikimwambia binti yangu maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile.

Lilipokamilika tulilipeleka kwenye mizani. Kilo 612 bila dereva. Serikali ya jimbo ikalikagua, ikatupa kibati cha namba mpya, na kwenye hati, mahali pa mtengenezaji, pakaandikwa tu kwamba ni gari lililounganishwa. Hapo tukaamua kulipeleka kwenye autokrosi.

Autokrosi ya Marekani si ile ya kwetu. Kenya ni mbio za vumbi, na magari hugawanywa kwa mambo yanayoonekana: yanayosukumwa na magurudumu mawili na yanayosukumwa na manne, yenye turbo na yasiyo nayo, na mabagi yana kundi lao. Ni mgawanyo ambao mtu anaweza kuuelewa akiwa amesimama kwenye kamba akila mahindi. Marekani hupangwa koni kwenye uwanja mpana wa lami, pengine maegesho ya duka kubwa siku ambayo halifanyi kazi, pengine kiwanja cha ndege kilichoachwa. Njia hubadilishwa kila mara, kwa hiyo hakuna aliyeizoea. Asubuhi watu wote huizunguka kwa miguu wakiikariri midomoni kama wanafunzi wa madrasa. Kisha kila gari hupita likishindana na saa tu, kwa muda unaokaribia dakika moja. Kila koni imechorewa mstari kwenye kitako chake. Ukiiangusha, au ukiisukuma ikatoka nje ya mstari wake, unaongezewa sekunde 2. Ukimaliza zamu yako ya kuendesha unapewa zamu ya kusimamisha koni za wenzako, tajiri kwa maskini, na hakuna anayeagiza mtu amfanyie.

Ilinichukua muda kutambua maana ya mpango huo. Katika mbio za kawaida mshindani wako unamwona. Yuko mbele yako, moshi wake unaunusa, ukimpita mmemaliza. Katika autokrosi uko peke yako uwanjani. Unayeshindana naye huenda alipita saa mbili zilizopita na sasa amekaa kwenye kiti cha turubai anakula mkate. Hakuna chochote uwanjani kinachowafanya ninyi wawili kuwa wapinzani isipokuwa karatasi iliyowaandika katika kundi moja. Ondoa kundi, na kinachobaki ni watu wanaoendesha magari yao mmoja mmoja kwenye lami tupu. Ndiyo maana wenye mchezo huu wana kitabu cha sheria kinene namna ile, na ndiyo maana watu wazima wenye wajukuu hubishana juu ya herufi mbili za ubavuni kwa ukali ambao nilikuwa nimeuona tu kwenye kesi za mashamba.

Kitabu hicho ni cha chama kinachoitwa Sports Car Club of America, SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944. Binti yangu alikisoma kabla yangu, akanipa akisema, "Baba, hiki ni kitabu cha ngeli." Nilicheka. Nilipokisoma nikaona hakutania.

Kimepangwa kwa koo, na kila ukoo una nyumba zake. Ukoo wa kwanza ni wa magari ya barabarani jinsi yalivyotoka kiwandani, isipokuwa mabadiliko machache yaliyotajwa kwa jina. Ukoo wa pili unaruhusu zaidi kidogo, wa tatu zaidi tena, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Kila ukoo ni umbali fulani kutoka kiwandani. Kanuni inayozishika koo zote ni kwamba ambacho sheria haikusema unaruhusiwa kukibadilisha, umekatazwa kukibadilisha. Nilimsomea shemeji yangu wa Mombasa kanuni hiyo kwenye simu. Ni mtu wa vitabu vya fiqhi na magari hayamhusu, lakini alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba katika mambo ya kawaida ya dunia asili ya kitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kukikataza, bali katika ibada mambo hugeuka: asili ni kukatazwa mpaka ije dalili ya kuruhusu. "Basi hao jamaa zako," akasema, "wameliweka jambo lao upande wa ibada." Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Mtu aliyejibana kwa hiari yake ndani ya sheria ya namna hiyo ana utulivu fulani. Anajua kwamba mwenzake aliyemshinda kwa nusu sekunde hakumshinda kwa shokamzoba ya siri.

Shida yetu ilikuwa kwamba gari letu halina kiwanda cha kupimiwa umbali. Ili gari liingie ukoo wa kwanza, aina yake lazima iwe imetengenezwa angalau 1,000 ndani ya miezi kumi na miwili. Sheria inadai ndugu, na letu halikuwa na hata mmoja. Lina mtoa viungo, ile Mazda, lakini huwezi kusema ni Mazda iliyobadilishwa wakati kila kinachoonekana kwa macho kimetoka kwenye gereji yetu. Tulifungua ukoo baada ya ukoo, na kila mmoja ulianza kwa kuuliza lilikuwaje lilipouzwa mara ya kwanza. Halijawahi kuuzwa.

Sheria hiyo ya ndugu niliifahamu tangu utotoni bila kujua kwamba ninaifahamu. Pasaka ya mwaka 1985 baba alitupeleka kando ya barabara kutazama Safari Rally. Nilikuwa na miaka 9. Tulisubiri tangu alfajiri, na Toyota Celica ilipotokea ilipita kwa muda wa kupepesa macho, ikatuachia vumbi na mlio uliobaki kifuani. Toyota hizo zilishinda Safari miaka mitatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Zilikuwa za Group B, na Group B ilitaka magari 200 ya aina hiyo yawe yameundwa ndipo moja liruhusiwe kushindana. Kwa hiyo ili lile moja lipite mbele ya mtoto wa Njoro, kampuni ilibidi iunde 200. Group B ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1986 baada ya vifo vya madereva na watazamaji kwenye mbio za Ulaya. Wakati ule niliona tu kwamba gari limepita. Leo nafikiri juu ya wale wengine wote waliozaliwa ili huyo mmoja apewe jina.

Ukiwa huna ndugu, unaishia ukoo wa mwisho, ule wa magari yaliyogeuzwa kabisa. Nyumba zake zina herufi A mpaka F, na zinatazama vitu ambavyo hata gari la gereji linavyo: ujazo wa injini, uzito wa chini unaoruhusiwa, na kama gari lina umbo la gari la barabarani au la mashindano matupu. Humo ndani mna watu wazuri sana, nasema kwa moyo mweupe, lakini magari yao huja juu ya trela. Hayana taa. Yana matairi laini yasiyo na mikato, yanayonata kwenye lami kama ubani. Mengine yamekuwa yakinolewa kwa miaka 30 na zaidi, yakipita kutoka mkono hadi mkono, kila mwenye nalo akikwangua gramu zake. Letu lilikuwa na namba za barabarani, honi, waipa mbili na matairi ya dukani.

Hapa ndipo darasa langu lilipoingia gerejini. Kuna njia mbili za kupanga nomino za Kiswahili. Wanafunzi wangu wa Marekani hufundishwa kwanza kwa umbo: tazama kiambishi, M-WA, M-MI, KI-VI. Shule za Kenya siku hizi hufundisha kwa upatanisho: usitazame neno limevaa nini, sikiliza linavyokubaliana na wenzake katika sentensi. Njia ya umbo ina historia yake nzuri. Kitabu kilikuja kutoka Uarabuni kikiwa na "ki" yake ya mzizi, wenyeji wakaiona ni kiambishi, wakasema vitabu. Watanzania walipokutana na amri ya Kiingereza ya kubaki kushoto kwenye mzunguko wa barabara wakapata kipilefti, na vipilefti havikukawia. Kile kinachokinga tope juu ya gurudumu kilifika kikisikika kama wingi, madigadi, basi tukakitengenezea umoja wake, digadi. Mgeni alipewa nyumba kwa sura yake, na hakuna aliyedai kuona cheti cha kuzaliwa.

Lakini umbo haliwezi kila kitu, na mfano ninaoupenda kuliko yote ni kifaru. Kwa umbo ni KI-VI. Yule wa mbugani, mwenye pembe na pumzi, husemwa "kifaru amekunywa maji". Yule wa jeshi, wa chuma na mzinga, husemwa "kifaru kimevuka daraja". Neno ni lile lile, herufi kwa herufi. Lililoamua ni namna kitu chenyewe kinavyoishi, na utalijua kwa kusikia tu neno linalofuata. Kila mwaka, nikilieleza hilo, huwa kuna mwanafunzi mmoja anayeweka kalamu chini na kutazama dirishani. Huyo najua ameshika.

Kwa hiyo nilipokuwa nimelala chini ya gari nikifunga ekzosi, nilikuwa nikijiuliza letu ni kifaru gani. Kwa umbo ni la ukoo wa mwisho, hakuna ubishi: fremu ya kujitengenezea, bodi ya bati, halitokani na kiwanda chochote. Kwa upatanisho ni jambo jingine. Linakwenda sokoni. Linasimama kwenye taa nyekundu nyuma ya basi la shule. Mvua ikinyesha tunaloa, tunaendelea. Sentensi linamoishi ni ya barabarani, na kitabu cha sheria kilikuwa kikitazama kiambishi chake tu.

Klabu za mahali hujua tatizo hili na nyingi zina huruma. Msajili wa siku yetu ya kwanza, mama mmoja mwenye kofia pana, alitazama gari, akatazama karatasi, akapendekeza tuliandikishe katika kundi la wanaoanza, ambako gari la namna yoyote hukubaliwa mradi dereva ni mgeni. Lilikuwa pendekezo la wema. Binti yangu alishukuru, akakataa. Aliponieleza sababu yake baadaye, nilijua kwamba miaka ya kumsahihisha haikupotea. "Hilo ni kundi la A-WA, Baba. Linaniuliza mimi ni nani. Mimi najua ni nani. Nataka gari ndiyo ijibu." Alisema ndiyo, si ndilo, na nilikuwa nimeshafungua mdomo kabla sijaufunga.

Tukaandika herufi mbili kwa utepe wa karatasi ule wa wapaka rangi, E ya nyumba na M ya ukoo wa mwisho, bluu juu ya bati lisilopakwa rangi. Mkaguzi akatikisa kila gurudumu, akavuta betri kuona imefungwa, akabonyeza kichapuzi na kukiachia, akatazama helmeti zetu. Akapiga magoti kutazama chini, akakaa huko muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aliposimama aliuliza nani amechomelea.

Katika kundi letu tulikuwa magari matatu. Yale mengine mawili yalipita kwa sekunde 49 na kidogo. Binti yangu, kwenye mzunguko wake bora usio na koni hata moja, alipata 58.1. Mimi nilikuwa nyuma yake kwa zaidi ya sekunde 2 na sitaki kuzitafutia sababu. Tukawa wa mwisho, kama tulivyotarajia. Kuna karatasi ya pili, hata hivyo, inayobandikwa jioni, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Kwa kuwa magari ya makundi mbalimbali hayawezi kulinganishwa kwa saa tupu, kila kundi lina kizidishi chake. Nyumba ya A katika ukoo wa mwisho ina 1.000 kamili, yaani hawasamehewi kitu. Wengine wote wana namba ndogo kuliko hiyo. Chukulia kwamba gari dogo la barabarani lina kama 0.8 na letu kama 0.9. Siku ile kijana mmoja mwenye kigari cha familia, kiti cha mtoto amekitoa akakiweka kwenye majani, alipita kwa 59.4. Kwa saa, binti yangu alimshinda kwa sekunde 1.3. Kwa kizidishi, kijana akawa na 47.5 na binti yangu 52.3. Ili walingane ilimpasa binti apite kwa sekunde 52.8.

Jambo la kwanza nililohisi ni kwamba tumeonewa. La pili lilikuja taratibu, nilipotafuta namba hizo hutoka wapi. Hutolewa kwenye matokeo ya madereva bora wakiwa katika magari bora ya kila kundi, wale wanaokutana kila Septemba huko Lincoln, Nebraska, kwenye lami ya uwanja wa ndege wa zamani wa jeshi. Kwa hiyo kizidishi chetu hakimhusu binti yangu wala gari letu. Ni kivuli cha gari jingine, lenye fremu kama yetu lakini lisilo na taa wala honi, lililofikishwa mwisho wa kila ruhusa, na juu yake ameketi mtu ambaye amefanya hivi maisha yake yote. Tulikuwa tumejiandikisha kukubaliana na kivuli hicho. Kundi halikuwa limekosea kutuita. Lilikuwa limetuambia, kwa namba, ni nani tunayepaswa kujibizana naye.

Usiku ule niliwaza juu ya Safari ya kwanza kabisa, ya mwaka 1953, iliyofanywa Kenya, Uganda na Tanganyika kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Waandaaji waliyagawanya magari kwa bei yake ya dukani, wakaacha ukubwa wa injini, na hawakutangaza mshindi mmoja wa jumla. Mnunuzi wa Nairobi mwenye kiasi fulani cha pesa alitaka kujua ni gari gani la bei hiyo litakalomfikisha, na mbio zikamjibu. Ni mgawanyo wenye adabu ya duka. Nikaamka nikatoa bahasha ya risiti zetu nione kwa bei tungekaa wapi. Mazda iliyogongwa, chuma, gesi ya kuchomelea, matairi, mirija ya breki, bati: jumla dola 6,840. Kisha nikajaribu kuandika zile jioni. Majira matatu ya baridi, siku nne kwa juma, saa tatu kila siku. Nilikaa na kalamu. Hakuna duka ambalo lingenipa bei ya binti wa miaka 16 kuingia gerejini asiyezungumza na babake, na kutoka akiwa na miaka 19 akibishana naye juu ya ngeli. Nilirudisha risiti kwenye bahasha.

Na huyo Chapman naye. Kabla ya Lotus Seven, mwaka 1948, alianza kwa kubomoa Austin 7 kuukuu kwenye gereji nyuma ya nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Uingereza kulikuwa na klabu ya watu wa vigari hivyo, 750 Motor Club, iliyoanzishwa mwaka 1939, na baada ya vita watu hao walijitungia sheria zao za mashindano ili mtu asiye na pesa aweze kushindana na mwenzake asiye na pesa. Kundi lilitoka kwa waundaji wenyewe. Chapman akaingia humo na gari lake la tatu mwaka 1951. Injini ya Austin 7 iliunganisha njia za kuingizia hewa za silinda mbilimbili. Yeye alizitenganisha kwa ujanja ambao sheria haikuwa imeuwaza, akawaacha wenzake mbali, na sheria ikaandikwa upya kuufunga mlango huo. Nampenda Chapman, lakini katika kisa hiki moyo wangu uko kwa wale walioachwa nyuma, ambao walirudi mezani, wakaandika kifungu kingine, wakaendelea kukutana Jumapili. Kundi lililotungwa na wenyewe linahitaji kutunzwa kama ua la miba. Mbuzi hodari hupita, na siku ya pili unaongeza mwiba.

Nimezungumza na watu wawili wa jimbo hili wenye magari kama letu. Tukimpata wa tatu tutakwenda kwa yule mama wa kofia pana tuombe nyumba: fremu ya kujitengenezea, matairi ya dukani, namba za barabarani, taa zinazowaka. Binti yangu ameshaandika rasimu. Kifungu chake cha kwanza kinasema gari lazima lije kwa magurudumu yake yenyewe na lirudi kwa magurudumu yake yenyewe.

Kuna njia nyingine, na ni haki kuitaja. Tungeweza kukikimbiza kile kivuli. Tulikaa siku moja na mizani tukahesabu: taa na nyaya zake kilo 6, kioo cha mbele na waipa 9, madigadi manne 8, sailensa 5. Kilo 28 bila kugusa chuma, na baada ya hapo matairi laini, na baada ya matairi laini, trela. Mmoja wa waliotushinda, mzee mkarimu aliyetuazima jeki siku ile, alituonyesha hata pa kukata. Hakuwa akitubeza. Alikuwa akitukaribisha kwake. Tuliweka spana ya kumi na tatu juu ya digadi la kushoto, ikakaa hapo juma zima, na hakuna kati yetu aliyeishika.

Jioni ya siku ile ya kwanza tulikuwa na kilomita 70 za kurudi. Trela zilikuwa zikipakiwa, mikanda ikivutwa, mtu akipita na gunia kuokota chupa. Tulisimamisha koni za mwisho zamu yetu ilipokwisha, tukafunga helmeti nyuma ya viti kwa kamba ya mpira. Binti yangu aliendesha. Kulikuwa kumenyesha upande wa magharibi, na tulipoingia barabara kuu maji yalianza kupiga ndani ya madigadi kwa mlio wa mchele unaomiminwa kwenye sufuria. Utepe wa bluu ulikuwa bado ubavuni. Niliuona ukipepea pembeni ya herufi M, upande wangu, nikaufikia kwa mkono nikaubonyeza mahali pake. Mbele yetu basi liliwasha taa zake. Binti yangu alipapasa chini ya usukani, kwenye swichi niliyoifunga mwenyewe mahali pabaya kidogo, naye akawasha zetu.